AC ikipoteza ubaridi gari likisimama, usikimbilie kujaza gesi

Joto la Novemba likishika hapa Mtwara, malalamiko ninayoletewa karakana yanafanana: "Fundi, barabara ya Lindi AC ilipuliza baridi safi, nimefika mjini, kusimama tu inatoa joto. Niongezee gesi." Siongezi kabla sijafungua boneti na kutazama mshale wa temprecha. Mara nyingi shida iko kwenye upozaji wa injini.

Kondensa ya AC, yaani kipozeo cha gesi yake, imekaa mbele ya rejeta. Joto linalotolewa ndani ya gari linamwagwa pale, na upepo uleule uliokwisha pashwa ndio unaokwenda kupoza rejeta. Gari likikimbia, upepo wa barabara unatosha. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Feni ikifa au ikizunguka kivivu, presha ya gesi inapanda, maji ya injini yanapata moto, kisha kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, inakatwa, ama na swichi ya presha ama na kompyuta ya gari inayoikinga injini. Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwenye gari linalotumia gesi ya R134a upande wa presha kubwa huwa kama 200 hadi 250 psi (kipimo cha presha) siku za joto. Feni ikiwa imekufa, utaona mshale wa geji unapita 300 gari likiwa limesimama. Ukiongeza gesi hapo unaiua kompresa.

Kwa hiyo washa injini, washa AC, kaa mbele ya gari. Kwenye gari nyingi ndogo feni ya umeme inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, angalia fyuzi, badilishana rilei na nyingine ya aina hiyohiyo, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake. Ikizunguka, mota ni nzima, tafuta kwenye waya, rilei au sensa.

Feni ikiwa nzima, chungulia kati ya kondensa na rejeta. Ukiitazama kondensa kwa mbele utadhani ni safi, kumbe nyuma yake vumbi jekundu, mabawa ya wadudu na majani makavu vimeshikana kama blanketi. Nalegeza rejeta, naisogeza, napiga maji ya bomba ya nguvu ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea gari inalaza mapezi, yale mabati membamba ya kondensa na rejeta, usiitumie. Gari zinazolala karibu na bahari, Mikindani kwa mfano, mapezi huliwa na chumvi. Ukiyagusa yanadondoka unga. Kondensa hiyo haioshwi, inabadilishwa.

Jambo linalonikera ni kung'oa thamostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ili gari "lisichemshe". Rejeta iliyoziba inabaki imeziba, na injini inachelewa kufika joto lake na kula mafuta zaidi. Weka thamostati mpya na kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya kisima yanajaza kutu na magadi.

Ukiwa unapanda Newala na mzigo, mshale ukianza kupanda, zima AC, fungulia hita hadi mwisho, tafuta pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi injini ipoe kabisa, maji yale yamezidi nyuzi 100 na yanakusubiri usoni.

Temprecha ikitulia ndipo nagusa gesi: natafuta uvujaji, naivuta yote, najaza upya kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti.