Barafu ya Kili, ndevu za miti na nyumbu: vitu tunavyodanganyana

Juzi nimepanda daladala ya Marangu, mawingu yamefunguka mlima Kilimanjaro unaonekana wote, jamaa wa siti ya mbele akaanza eti "ile barafu ikiisha tu Moshi tunakufa kiu". Gari zima likaitikia mpaka konda. Mi nilikuwa nashuka kituo kinachofuata nikanyamaza, ila imenikaa rohoni kwaiyo naimalizia hapa.

Maji yetu ni ya msitu. Kule juu kileleni Kibo mvua ni kiduchu, na barafu inayopotea sehemu kubwa inageuka mvuke hukohuko juu, jua na upepo mkavu vinaibeba, mtoni haifiki. Mvua nzito ya upande wetu wa kusini inapiga msituni, kwenye mita kama 2,200 hivi, inazama kwenye udongo alafu ndo inatokea chini kwenye chemchem na mifongo, ile mifereji yetu ya kumwagilia. Na bado kuna ukungu. Aliyewahi kubeba mizigo njia ya Machame anaijua ile miti ya juu yenye ndevu za kijani zinazoning'inia, asubuhi unapita chini yake unalowa bega zima na wala mvua hainyeshi, zimekamata ukungu usiku kucha zinadondosha tone tone.

Hizo ndevu nazo zinasingiziwa. Baba mdogo alikuwa anazikwangua kwenye mibuni kwa panga akisema zinanyonya mti. Hazinyonyi kitu, zimekaa tu kama ndege kwenye tawi. Ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, mwani anapika chakula kwa jua, kuvu anatoa nyumba na kutunza unyevu. Unaziona nyingi kwenye mti unaokufa kwa sababu majani yameshapukutika na mwanga unaingia, sio kwamba zenyewe ndo zimeua.

Ile nyingine ya "msitu ukiungua utarudi wenyewe" nusu ni kweli, na hiyo nusu ndo inatuponza. Mlima uliungua Oktoba 2020, ukaungua tena Oktoba 2022. Ile miti ya ndevu ikiungua shina linachipua tena kutoka chini, sawa, lakini moto ukirudi kabla haijakua inabaki vichaka vifupi visivyo na ndevu, na ukungu unapita zake. Kwa moto wa kurudiarudia hivyo mpaka wa msitu kule juu umeshuka mamia ya mita. Hapo ndo jamaa wa daladala alitakiwa aogope.

Alafu kuna wanaosema Serengeti iko vilevile tangu enzi na enzi. Wapi! Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, ilifyeka ng'ombe wa Wamasai na nyumbu pamoja nao, na ikaendelea kuua ndama wa nyumbu miaka na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu tu. Sotoka ilipoisha wakapanda mpaka kupita milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha, wakala nyasi, nyasi zikipungua moto nao unakosa cha kuunguza, na miti michanga ikapata nafasi ya kurefuka. Yaani miti imeongezeka kwa sababu ya chanjo, na waliochomwa sindano walikuwa ng'ombe, hakuna nyumbu hata mmoja aliyekamatwa.