Fazi ni nini, na ilifikaje kwenye filamu za pikipiki

Mtu akisikia gitaa lenye fazi kwa mara ya kwanza anadhani spika imepasuka, na kusema kweli hajakosea sana. Fazi ni sauti ya gitaa la umeme iliyoongezwa nguvu mpaka saketi inashindwa kuibeba, sasa lile wimbi la sauti badala ya kupanda na kushuka taratibu linakatwa juu na chini, linakuwa bapa, na hapo ndo mkwaruzo unapotokea. Halafu noti, yaani mlio mmoja wa gitaa, inakaa, haififii haraka kama ya gitaa safi. Hii ya noti kukaa ishike, ntairudia.

Ilianza kwa bahati tu. Huko Nashville, Marekani, wakirekodi wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry" wa 1961, mtambo ukaharibika na solo ya mpiga gitaa Grady Martin ikatoka inakoroma, wakaiacha hivyohivyo. Fundi wao Glenn Snoddy akaanza kutafuta namna ya kuipata sauti ile makusudi, na 1962 ikatoka pedali ya Maestro Fuzz-Tone ya kampuni ya magitaa ya Gibson, unakanyaga tu kwa mguu inakubali.

Ila kwangu mimi waliojua kuitumia vizuri kabisa ni Davie Allan na bendi yake the Arrows, wa California. 1966 mwongozaji Roger Corman alitoa The Wild Angels, filamu ya genge la pikipiki, Peter Fonda ndo kiongozi wao anaitwa Heavenly Blues, na ndo maana wimbo mkuu wa bendi humo unaitwa "Blues' Theme". Hauna mwimbaji, hauna neno hata moja, na bado 1967 ulifika namba 37 kwenye chati ya nyimbo ya Billboard ya Marekani! Baada ya hapo wakaitwa kwenye filamu nyingine za pikipiki, kama Devil's Angels na The Born Losers.

Kwa nini iliingia vizuri hivyo? Injini ya pikipiki nayo inakwaruza, inanguruma mfululizo bila kukatika, na gitaa la kawaida ukilipiga juu yake linamezwa, noti inakufa kabla pikipiki haijapita. Noti ya fazi inavutika mpaka genge zima limalize kona, na inabeba melodi kabisa kama mtu anaimba. Sikiliza "Blues' Theme" kwa sauti kubwa, fuata gitaa peke yake, utaona humkumbuki mwimbaji kabisa.