Maji Yanayopotea Baada ya Kuchotwa

Kiasi cha maji duniani hakibadiliki sana, kwani mvua inayonyesha leo ni maji yaliyopanda angani kama mvuke kutoka baharini, maziwani na kwenye majani ya mimea. Shida ni kwamba takribani asilimia 97.5 ya maji yote ya dunia ni ya chumvi, na katika sehemu ndogo inayobaki, zaidi ya theluthi mbili imeganda kuwa barafu. Tunaishi kwa yale yaliyo chini ya ardhi na yale machache ya mito na maziwa, ambayo nayo hayapatikani kila mahali wala kila msimu.

Uhaba wa maji huelezwa mara nyingi kana kwamba unaletwa na ukame peke yake. Sisi tunaoshughulika na usimamizi wa maji tunaona sababu nyingine inayostahili uzito uleule, nayo ni maji mengi kupotea yakiwa yameshachotwa.

Kilimo huchukua takribani asilimia 70 ya maji yote yanayochotwa duniani, kwa hiyo hasara kubwa huanzia huko. Kuanzia miaka ya 1960, mito ya Amu Darya na Syr Darya ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba ya Asia ya Kati kupitia mifereji ambayo mingi haikusakafiwa, na maji mengi yakazama mchangani au kukaushwa na jua kabla ya kufika shambani. Bahari ya Aral, iliyokuwa ikilishwa na mito hiyo na kuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, ikagawanyika vipande, na mabaki ya meli za uvuvi za Moynaq, mji uliokuwa bandari yake, yakabaki yamelala juu ya mchanga.

Umwagiliaji wa matone, unaopeleka maji taratibu hadi kwenye mzizi, hupunguza sana hasara ya namna hiyo. Hata hivyo, vifaa peke yake haviokoi mto. Mkulima anayepata nafuu ya maji aghalabu huongeza ekari, na lita zilizookolewa huishia kwenye shamba jipya. Ndiyo maana vifaa hivyo vinapaswa kwenda pamoja na kibali chenye kikomo na mita inayoonyesha kilichochotwa.

Kikomo hicho kinahitajika hata zaidi kwenye visima virefu. Baadhi ya maji ya chini ya ardhi yalijikusanya kwa maelfu ya miaka, na pampu zinaweza kuyamaliza katika umri wa mtu mmoja. Dalili zake zinajulikana: visima hukauka na kulazimika kuchimbwa upya kwa kina kirefu zaidi, na karibu na pwani maji huanza kuwa na ladha ya chumvi kwa sababu bahari inapenya kule ambako maji matamu yameondolewa.

Maji taka nayo yanaweza kurudi kazini. Mji wa Windhoek, Namibia, umekuwa ukisafisha maji yaliyokwisha kutumika hadi yafae kunywewa tangu mwaka 1968.

Mijini, upotevu mkubwa umefichwa ardhini. Mwaka 1993 huko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, zaidi ya asilimia 70 ya maji yaliyosafishwa yalivuja, yaliibwa au hayakulipiwa. Mamlaka ya maji ya mji huo ilibadilisha mabomba chakavu na kuwafungia wateja mita, na katika muda wa takribani miaka 15 upotevu ukashuka chini ya asilimia 10. Kazi ya kutafuta mivujo hufanyika zaidi usiku, wakati matumizi yako chini na barabara zimetulia: fundi huweka fimbo ya kusikilizia juu ya bomba au vali, hutega sikio, na kusogea hatua kwa hatua mpaka mlio wa maji yanayotoroka unapokuwa mkali kuliko kwingine. Ni kazi ya subira, na kwa maoni yangu inastahili fedha kabla ya bwawa jipya kufikiriwa.

Kipimo kama hicho kinawezekana nyumbani. Usiku, baada ya kila mtu kumaliza kutumia maji, funga bomba zote na uandike namba zote za mita, pamoja na zile ndogo za mwisho. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua bomba, zisome tena. Zikiwa zimesogea, anza kukagua tangi la choo, kisha viungio vya mabomba, kisha sehemu za ukuta zenye unyevu usiokauka.