Je, wajua kwa nini kipa wa kriketi hurudisha mikono nyuma anapodaka?

Aliyezoea kuwatazama magolikipa Uwanja wa Sokoine, Mbeya, akimwona kipa wa kriketi, yule anayekaa nyuma ya wiketi (vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji), huwa na jibu moja: glovu ndizo zinazomlinda. Si kweli, na anayeliamini hilo huvunjika vidole. Kiganja cha glovu ni raba yenye vipele vya kushikia, tena chembamba kuliko kinavyoonekana. Ndani huvaliwa glovu nyingine za pamba au ngozi laini. Sheria inaruhusu utando kati ya kidole gumba na cha shahada tu. Na mpira unaodakwa, wa gramu 160 hivi, ni ngozi ngumu isiyobonyea. Golikipa wa soka anaweza kuupangua wake kwa ngumi. Kipa wa kriketi lazima aushike, maana ukigusa gongo la mpigaji akaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka.

Kinachomlinda ni umbali. Mpira unaomfikia kwa mita 30 kwa sekunde una nishati ya jouli 72. Mikono ikikaza, ukasimama ndani ya sentimita 2, nguvu ya wastani ni nyutoni 3,600: zaidi ya uzito wa magunia matatu ya kilo 100. Mikono ikirudi nao sentimita 20, nguvu hushuka hadi 360, pungufu kidogo ya ndoo mbili za maji za lita 20.

Fikiria parachichi linaloangushwa kutoka mtini kule Rungwe. Anayelidaka kwa kiganja kilichokaza atalikuta na doa jeusi likiiva. Anayelipokea usawa wa kifua akashuka nalo hadi kiunoni, tunda hubaki zima. Fundi anayerushiwa tofali hufanya vivyo hivyo, na mkono wake huanza kuondoka kabla tofali halijatua. Hiyo "kabla" ndiyo kazi yote. Zile sentimita 20 huisha ndani ya sekunde 0.013 hivi, kwa hiyo anayesubiri kuusikia mpira kiganjani ameshachelewa.

Vidole navyo visiuelekee mpira: ukija chini ya kiuno vitazame chini, ukija juu vitazame juu au pembeni. Kwa mrushaji wa mipira ya kuzunguka, kipa huchuchumaa karibu na wiketi na kuinuka pamoja na mdundo. Akiwahi kuinuka, mpira hupita chini ya glovu.

Ova moja ni mirusho sita, hivyo kwa kipa mechi ya ova 50 ni kuchuchumaa mara 300. Siku kamili ya Test, mechi ya kimataifa ya siku kadhaa, ni ova 90, yaani mara 540. Hata hivyo Mark Boucher, kipa wa Afrika Kusini, hakustaafishwa na magoti wala vidole. Julai 2012, huko Taunton, Uingereza, kijiti kidogo cha juu ya wiketi kiliruka kikampiga jicho la kushoto.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi haiupunguzii mpira mwendo sana. Kwa mrushaji wa kasi, kipa aanze hatua moja nyuma ya alipozoea, kisha ajipime: mpira ukimkuta kifuani, arudi tena, ukimkuta magotini, asogee mbele, mpaka audake kiunoni ukiwa ndio kwanza unaanza kushuka.