Maana ya "kuharibu" katika majaribio ya mfumo wa faili

Wiki hii nimesikia kwa mara ya tatu mtu akisema kwamba majaribio yetu ya usiku "yanafuta diski". Waraka mmoja uliopitishwa kwenye programu ya kutafsiri nao umeyaita "majaribio ya ufisadi wa faili", kwa kulitafsiri neno la Kiingereza "corruption". Kauli zote mbili zinapotosha watu, na moja inawatia hofu bure.

Mfumo wa faili ni mpangilio ambao kompyuta hutumia kuhifadhi faili kwenye diski. Jaribio la kuuharibu ni programu fupi inayotengeneza taswira ndogo ya diski, yaani faili moja linaloiga diski nzima, ikavuruga makusudi kumbukumbu zake za ndani zinazoeleza faili gani iko wapi, kisha ikamwita fundi, yaani programu ya ukarabati, na kutazama atafanya nini. Mifumo ya faili iko ya aina nyingi: fundi wa ile iitwayo ext4 kwenye Linux ni e2fsck, wa XFS ni xfs_repair. Jaribio huendeshwa lenyewe kila usiku.

Sasa neno lenyewe. Ufisadi na kuharibu yote tumeyatoa Kiarabuni. Kwenye mzizi wa fisadi mna kuoza na kuvunda, hata nyama huweza kupatwa na hali hiyo, kwa hiyo mashine ya kutafsiri haikutoka mbali sana na mzizi. Lakini Kiswahili kimeshalipeleka neno kwingine. Zamani fisadi alikuwa mwasherati anayevunja nyumba za watu, leo ni anayekula fedha za umma, na kote huko kuna mtu mwenye nia mbaya. Biti iliyogeuka kutoka 0 kuwa 1 haina nia yoyote.

Haribu latoka kwenye mzizi wa magofu, na kwetu limeenea kila mahali: maziwa yameharibika, gari limeharibika, mimba imeharibika. Iangalieni hiyo -ik-. Inaeleza hali ya kitu bila kumtafuta aliyekitenda. Tena kitu kilichoharibika mara nyingi bado kipo. Maziwa yaliyoharibika yamo sufuriani, gari lililoharibika limeegeshwa pale pale uani. Kilichofutika ndicho hakipo. Ninang'ang'ania tofauti hii kwa sababu kazi yote ya fundi imo ndani yake: angekuwa anapewa diski iliyofutika, asingekuwa na cha kutengeneza.

Mfumo wa faili ulioharibika ni ule ambao kumbukumbu zake hazikubaliani. Ni kama kiwanja kimoja chenye hati mbili. Kiwanja kipo, hati zote mbili zipo, tatizo ni kwamba haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Katika ext4 jambo hili hutokea hivyo hivyo: inodi mbili (inodi ni kumbukumbu ya faili moja, inayotaja data yake iko wapi) zinadai bloki moja, yaani kipande kimoja cha diski. e2fsck hainyang'anyi upande wowote. Huinakili ile bloki ili kila inodi ipate yake, na mwenye faili ndiye atakayetazama ipi ina maudhui sahihi.

Kwa hiyo jaribio halipimi kama mfumo wa faili utaharibika. Utaharibika, tumeuharibu wenyewe. Anayepimwa ni fundi, na hapo ndipo utunzaji wa majaribio haya unapokuwa mgumu, maana lazima kwanza uhakikishe kwamba uharibifu umetokea na fundi ameuona.

Niliwahi kukabidhiwa jaribio lililokuwa likifaulu kila usiku. Lilitumia dd, zana ya kunakili data ghafi, kuandika sifuri mahali palipopangwa, kisha likaita e2fsck bila -f, yaani bila kuilazimisha ikague. Nilipofungua matokeo nikakuta mstari mmoja tu: safi, faili 11. Bila -f, e2fsck husoma kwanza bloki kuu, yenye maelezo ya mfumo mzima, na ikikuta imeandikwa kwamba mfumo ni safi, hutoka na namba 0, yaani hakuna kosa, bila kupita hatua zake tano za ukaguzi. Fundi alisoma kibao mlangoni akaondoka. Nilipoweka -f bado hakuona kitu, kwa sababu mpangilio wa taswira ulikuwa umebadilika na zile sifuri zilikuwa zikiangukia bloki isiyo na mwenyewe.

Mabadiliko ya aina hiyo huja na matoleo mapya. e2fsprogs, mkusanyo wa zana za ext4 ambamo e2fsck imo, katika toleo la 1.43 la mwaka 2016 ilianza kuwasha kwa chaguo-msingi hundi za kumbukumbu, yaani namba zinazokokotolewa kutoka kwenye kumbukumbu ili badiliko lolote lionekane. Ukigeuza biti moja kwenye inodi, hundi hulalamika kwanza, na kasoro uliyotaka ikaguliwe huenda isifikiwe kabisa. Inabidi uharibu kisha ukokotoe hundi upya. Kwa XFS, zana ya uchunguzi iitwayo xfs_db ina njia zote mbili: write -d huandika uharibifu na kurekebisha hundi, write -c huiacha hundi ikiwa batili. Hayo ni majaribio mawili tofauti, msiyaunganishe.

Njia ninayoiamini ni ya watengenezaji wa e2fsprogs wenyewe. Wanahifadhi taswira iliyokwisha kuharibiwa, imebanwa, pamoja na matokeo mawili yanayotarajiwa. Mara ya kwanza kwa kawaida fundi atoke na namba 1, yaani amekuta makosa akayarekebisha. Mara ya pili atoke na 0. Akikuta tena kitu cha kutengeneza, kazi ya kwanza haikukamilika.

Basi ndugu zangu wa zamu, kwenye ripoti andikeni "majaribio ya ukarabati". Mwenye seva akiuliza kinachoharibiwa, mwambieni ni faili la megabaiti chache ndani ya /tmp, folda ya vitu vya muda, na diski yake haiguswi.