Central Park si msitu uliosazwa

Wengi huamini kwamba Central Park, bustani kubwa ya umma jijini New York, ni kipande cha msitu wa asili kilichonusurika jiji lilipotanuka. Sivyo. Ukiacha miamba, karibu kila kitu pale kilitengenezwa kwa mchoro wa wabunifu Olmsted na Vaux, washindi wa shindano la mwaka 1858 la kuisanifu bustani hiyo: maziwa yalichimbwa, miti ikapandwa. Hata vijito vinavyoonekana vya porini hutegemea maji ya bomba!

Wala ardhi yenyewe haikuwa tupu. Upande wa magharibi palikuwa na Seneca Village, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1825 na Wamarekani weusi waliojinunulia viwanja, wakajenga makanisa na shule. Mwaka 1857 wakazi wote walikuwa wamekwisha kuhamishwa kupisha bustani. Leo watu hujilaza kwenye nyasi palepale.