Maharamia Mezani: Dhana Potofu Kuhusu Uhuru wa Wachezaji

Mtu anayeandaa mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule ambao msimamizi husimulia hali na wachezaji husema wahusika wao watafanya nini kabla ya dadu kurushwa, huvutiwa upesi na maharamia. Haramia hana bwana, na bahari haina ukuta. Kwa hiyo msimamizi hudhani kwamba akishawapa wachezaji merikebu, uhuru wa kuamua utakuja wenyewe. Kutokana na matarajio hayo zimezuka dhana kadhaa ambazo huwafanya wachezaji wapige miayo kabla ya kikao cha tatu.

Dhana: ramani iliyo wazi inatosha kuwapa wachezaji uhuru.

Msimamizi anayetandaza ramani yenye visiwa kumi na viwili na kuuliza "Mnaelekea wapi?" kwa kawaida hujibiwa kwa ukimya, na ukimya huo hautokani na uvivu. Asiyejua tofauti ya kisiwa cha mashariki na cha magharibi anabahatisha tu, na angeweza kuiachia dadu kazi hiyo. Uamuzi huanza pale wachezaji wanapojua, walau kwa kiasi, watakachopata na watakachokosa. Visiwa vitatu vinatosha. Tuseme maji ya kunywa yamebaki ya siku nne. Bandari ya karibu ina visima vizuri, lakini gavana wake ametangaza zawadi kwa atakayemkamata yeyote kati yao. Ghuba ya mbali haina askari, ila kwenda huko ni kuiacha merikebu ya sukari wanayoifukuza tangu jana. Wavuvi wa kisiwa cha tatu watatoa maji kwa sharti la kupewa bunduki, na kila mtu anafahamu kwamba bunduki hizo zitaelekezwa kwa majirani zao. Hapo msimamizi anaweza kunyamaza akanywa chai yake, kwa maana wachezaji watabishana wenyewe.

Dhana: nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Hii ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu humfanya mtu mmoja acheze huku wengine wanne wakitazama. Historia haiiungi mkono hata kidogo. Katika merikebu za maharamia wa mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kawaida nahodha alichaguliwa kwa kura na aliweza kuondolewa kwa kura. Amri yake ilikuwa kamili wakati wa mapigano na wakati wa kulifukuza windo. Nje ya hapo, ugawaji wa chakula na nyara ulikuwa mikononi mwa ofisa mwingine ambaye naye alichaguliwa na mabaharia. Kanuni za kundi la haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722 karibu na Rasi ya Lopez katika Gabon ya leo, zilimpa kila mtu kura katika mambo mazito, na nahodha mwenyewe alipata mafungu mawili tu ya nyara.

Mfano unaonivutia kuliko yote ulitokea jirani na pwani yetu. Mwaka 1720, huko Nzwani katika visiwa vya Komoro, kundi la haramia Edward England liliishambulia Cassandra, merikebu ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Baada ya mapigano makali, nahodha wa Cassandra, James Macrae, alikimbilia nchi kavu pamoja na watu wake waliosalia, kisha siku chache baadaye akarudi kwa hiari yake kuzungumza na maharamia. Wapo waliotaka auawe, kwa kuwa wenzao wengi walikuwa wamekufa; England alitaka aachwe aende zake. Macrae aliondoka akiwa hai, tena akiwa na merikebu iliyochakaa aliyoachiwa. Haukupita muda mrefu England akavuliwa unahodha na kutelekezwa Mauritius.

Msimamizi anaweza kuchukua mkasa huo jinsi ulivyo na kuuweka mezani: mateka jasiri, kundi lenye msiba, na kiongozi anayejua kwamba huruma yake itahesabiwa. Hahitaji kuamua mapema nini kitatokea. Linalosaidia zaidi ni kuwataka wachezaji, kabla ya safari ya kwanza, waandike kanuni zao wenyewe: nani anapata fungu gani, mateka wanatendewaje, aliyepoteza mguu analipwa nini. Wataandika wakicheka. Vikao vitano baadaye kanuni hizohizo zitawabana, na hawatakuwa na wa kumlaumu.

Dhana: kila uamuzi unahitaji hadithi yake iliyoandikwa kabla.

Anayejaribu hivyo huandika kurasa hamsini na kutumia sita. Kinachoandaliwa ni watu wenye nia, pamoja na kalenda: gavana anataka nini, mfanyabiashara wa bandarini anamwogopa nani, na msafara wa kivita utafika siku ya ngapi endapo hakuna atakayeuzuia. Wachezaji wakifanya jambo lolote, msimamizi hujiuliza tu kila mmoja wa watu hao atalipokeaje.

Dhana: ngome ileile ikisogezwa kwenye kisiwa chochote watakachochagua, hawatagundua.

Watagundua. Si mara ya kwanza, pengine wala si ya pili, lakini siku watakapogundua hawatajadili tena njia yoyote kwa moyo, hata zile za kweli.

Dhana: nyara ni dhahabu, na dhahabu huzikwa.

Maharamia waliteka zaidi bidhaa za kawaida, kama vitambaa, sukari, vyakula, kamba na matanga, na waliyoyapata waligawana na kuyatumia haraka. Haramia Blackbeard alipoizingira bandari ya Charleston, katika Marekani ya leo, mwezi Mei 1718 na kushika mateka, alichodai ni kasha la dawa. Kwa mchezo, dawa ni bora kuliko dhahabu, kwa sababu wachezaji watalazimika kuamua nani atibiwe kwanza, baharia wao mwenye homa au mtoto wa mateka.

Dhana: uamuzi wenye uzito lazima uwe wa kufa na kupona.

Mwezi Septemba 1717 Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza aliahidi msamaha kwa maharamia watakaojisalimisha hadi tarehe 5 Septemba 1718. Kundi la Nassau, katika visiwa vya Bahamas, liligawanyika. Benjamin Hornigold aliupokea msamaha, kisha akapewa kazi ya kuwasaka wenzake wa jana. Charles Vane aliukataa. Gavana mpya alipowasili, Vane aliiwasha moto merikebu moja na kuielekeza kwenye zile za gavana, akatoroka. Novemba 1718 watu wake mwenyewe walimwondoa kwa kura kwa sababu alikwepa kuishambulia merikebu ya Wafaransa, na mwaka 1721 akanyongwa Jamaica.

Barua ya msamaha kama huo haimtishi mtu kwa upanga, lakini inamuuliza kila mhusika anataka kuwa nani baada ya bahari, na majibu hayatafanana. Ipewe tarehe ya mwisho, nayo isomwe mezani mwishoni mwa kikao, ili wachezaji warudi nayo nyumbani.